Kulwa, Doto na Chupi ya Nailoni

Mkitaka kujua mtoto mchanga anaishije, msianzie usoni. Uso wa mtoto hufutwa dakika moja kabla ya kuingia kliniki, ukapakwa mafuta na kuvalishwa kofia ya kufuma. Anzieni matakoni. Mimi nimekuwa muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto, upande wa Butimba hapa Mwanza, mpaka magoti yakagoma, na kama kuna kitu nimekitazama kuliko vyote maishani ni matako ya watoto wa watu. Nacheka nikiandika hivi, lakini mjukuu wangu anayesomea uuguzi hakucheka. Aliniuliza juzi, "Bibi, hivi vipele vya nepi navyo ni ugonjwa wa kusumbukia?" Basi naandika kwa ajili yake, na kwa ajili yenu wenzake mnaoanza kazi, na kwa ninyi mnaolea mtoto wa kwanza huku kila jirani ana lake la kuwaambia.

Kwanza mjue nilikuwa mtu wa namna gani. Nilikuwa mkali. Kinamama waliniita Mama Mizani, nami nikadhani wananisifu. Mizani yetu ilining'inia kwenye boriti ya kibaraza, na mtoto alivuliwa kila kitu, akavalishwa kikaptura cha kupimia, akatundikwa pale akipiga mateke. Foleni ilikuwa ndefu, hasa Jumatatu. Kwa hiyo nikaweka sheria yangu mwenyewe: mama akifika mbele yangu, mtoto awe ameshavuliwa. Waliwavua huko huko kwenye mabenchi, wakakunja nepi na nguo na kuzisokomeza kwenye vikapu. Foleni ikaenda mbio, na mimi nikajiona hodari.

Sista Yustina hakuipenda sheria hiyo. Ndiye aliyenipokea nilipotoka chuoni, Mhaya mtu mzima, mwembamba, asiye na haraka hata mvua ikimkuta njiani. Alinipa meza yangu, naye akabaki na yake upande wa pili wa kibaraza. Kwake mtoto alikuja amevaa, na nepi aliifungua mwenyewe. Aliishika, akaiminya, akainusa. Ndiyo, aliinusa. "Hii ina sabuni," angesema, "mwanangu, suuza maji matatu, si moja." Au angesema, "Hii imekaa na mkojo tangu alfajiri," na mama angecheka kwa aibu kwa sababu ni kweli. Mezani kwake sikumsikia akimuuliza mama yeyote kama ni msafi. Nepi ilikuwa imeshamjibu.

Alinifundisha pia kutazama mikunjo. Hili lishikeni, maana hata daktari kijana atalisahau. Ukiona wekundu umekaa kwenye matako yenyewe, kwenye kinena cha mbele na mapajani, yaani pale nguo inapogusa, lakini ndani ya mikunjo ngozi ni nzima, hiyo ni kazi ya unyevu, mkojo, kinyesi na msuguano. Ngozi inataka hewa. Ukiona wekundu umeingia mpaka ndani ya mikunjo, unang'aa, na pembeni kuna vipele vidogo vidogo vimetawanyika, basi fangasi ameshaingia, na hewa peke yake haitatosha. Zamani tulipaka ile dawa ya zambarau, mtoto akarudi nyumbani ana rangi ya bilinganya. Msiniige hapo, siku hizi mna mafuta ya fangasi yaliyo bora, ulizeni kliniki.

Sasa, miaka hiyo ya tisini maduka yalikuwa yameanza kujaa. Ninyi mmezaliwa mkavikuta vitu, hamjui ilivyokuwa kuingia dukani ukakuta rafu ina chumvi na viberiti. Kisha ghafla mlango ukafunguliwa. Sabuni ya unga ya kila rangi, poda za watoto zenye manukato, mitumba kila kona, viwanda vya minofu ya sangara vikaajiri vijana, na vijana wale wakawa na kitu mfukoni. Kina baba ambao zamani hawakujua nepi inafungwa upande gani wakaanza kuwanunulia watoto wao zawadi. Mpaka wakati huo nepi zetu zilikuwa vipande vya marekani, kile kitambaa cheupe cha pamba, au khanga iliyochakaa, au shati la baba lililokatwa mgongo. Zililowa upesi na kukauka upesi. Halafu ikaja chupi ya nailoni. Ilivalishwa juu ya nepi ya kitambaa, ina mpira kiunoni na mpira kwenye kila paja, na mkojo hautoki hata tone. Kina mama waliipenda sana. Unambeba mtoto kwenda kanisani na kitenge chako kinarudi kikavu.

Lakini mimi sikuiona. Hapo ndipo lilipo kosa langu. Kwenye meza yangu watoto walifika uchi.

Siku moja akaja binti mmoja na mapacha wa miezi minne. Aliitwa Pendo, mtu wa Majita, kule Mara, ameolewa na Msukuma aliyefanya kazi kwenye minofu, wakiishi Nyegezi kwa mama mkwe. Mapacha walikuwa Kulwa na Doto, kama kawaida ya Wasukuma. Kulwa aliyetangulia, Doto aliyefuata, wote wavulana. Doto nikamtundika, uzito mzuri, ngozi safi. Kulwa nikamtundika, akalia mpaka akakauka sauti. Matako yalikuwa mekundu kama yamemwagiwa maji ya moto, na mahali pamoja ngozi ilishachubuka.

"Huyu mtoto unamwosha kweli?" nikamuuliza, na sikuipunguza sauti.

"Namwosha, nesi."

"Unamwosha kwa macho? Hii ni nini?"

Benchi lote lilikuwa linatusikiliza. Pendo alikuwa mpole, lakini hakuwa mjinga. Akasema taratibu, "Nesi, kama ni uchafu, mbona Doto yuko sawa? Mama ni mimi huyo huyo. Maji ni hayo hayo."

Wanangu, lile lilikuwa swali la kitaalamu kuliko lolote nililowahi kuulizwa kwenye kibaraza kile. Watoto wawili, tumbo moja, ziwa moja, nyumba moja, mmoja kaungua na mmoja hana hata kipele. Muuguzi mwenye akili timamu angeweka kalamu chini akauliza, hawa wawili wanatofautiana nini? Mimi nikaona ninajibiwa. Nikamwambia, "Usinifundishe kazi." Nikachukua kadi ya Kulwa na kalamu nyekundu, nikaandika: Mama mchafu. Ashauriwe usafi. Kisha nikaita mwingine.

Tulikuwa tunaandika vile, na wengi wa kina mama hawakusoma. Sikufikiria kwamba kadi inarudi nyumbani, na nyumbani kuna watu.

Mwezi uliofuata Pendo akaja na Doto tu mgongoni. Nikamuuliza Kulwa yuko wapi. Akasema yuko kwa bibi yake, amezidi. Alikuwa amekonda Pendo mwenyewe, na mikono yake ilikuwa imebabuka. Akaniambia tangu nilipomwambia mchafu alizichemsha nepi za Kulwa kila siku kwa sabuni ya unga, kopo zima, na maji ya bomba yakawa shida, ya kununua yakitosha kusuuza mara moja tu. Kila alivyozidi kufua, mtoto alizidi kuchubuka. Niliitazama ile mikono.

"Nesi," akasema, "ulichoandika wamekisoma. Mume wangu ndiye aliyewasomea. Jumapili baba yake mkubwa anakuja kutoka Magu, wakae waamue. Mama mkwe anataka watoto wabaki kwake, mimi nirudi kwetu nikafundishwe kulea."

"Watoto wa miezi mitano? Watanyonya nini?"

"Anasema ana ng'ombe."

Hakuwa analia. Aliniambia tu, kama mtu anayeleta ripoti kwa aliyemtuma. Nami nikajiona mdogo kuliko Doto.

Nikaenda kwenye meza ya Sista Yustina nikamweleza yote, na maneno niliyoyaandika. Nilitegemea atanigombeza, nami ningejitetea. Hakunigombeza. Aliendelea kumkunjia mtoto wa mtu nepi yake, akamrudishia mama yake, ndipo akasema, "Mwandiko wako umefika kwenye ile nyumba, wewe hujafika. Vua aproni uende naye sasa hivi. Foleni yako nitaimaliza mimi."

Tukaenda, mimi na Pendo. Nyumba ilikuwa juu kidogo ya ziwa. Wakati ule magugu maji yalikuwa yameziba ufuko, na pale walipozoea kufulia palikuwa kijani kitupu kama shamba. Bibi Minza, mama mkwe, alitupokea vizuri. Mwangaluka, mayu, akanisalimu, akaniletea kigoda. Mayu kwao ni mama, jina la heshima, na sikujisikia kulistahili siku ile. Mwanawe Masanja, baba wa watoto, alikuwa zamu ya usiku kiwandani kwa hiyo mchana ule alikuwa nyumbani. Alisimama mlangoni akiwa na haya, kijana mwenye mikono iliyojaa alama za visu vya samaki.

Kisha Bibi Minza akafanya jambo ambalo kila bibi angelifanya mgeni akija. Akaingia ndani akatoka na Kulwa amependezeshwa. Nepi nyeupe iliyopigwa pasi, na juu yake chupi ya nailoni ya buluu yenye vibata. Nilikuwa sijawahi kuiona kwa karibu. Mpira ulikuwa umekaza mapajani mpaka nyama imetokeza juu na chini.

"Hii alinunua baba yake, mjini," akasema. "Ilikuwa moja tu, na kikija kitu kimoja huyu ndiye anaanza. Ndiye mkubwa."

Doto alikuwa ameshashushwa mgongoni na kulazwa juu ya mkeka, chini yake khanga kuukuu, matako wazi kwenye upepo wa ziwa, anacheza na vidole vya miguu. Na huyo, bibi akaniambia kwa kujivunia kidogo, ndiye anayeshinda naye yeye, kwa sababu mama hawezi kubeba wawili. Anambeba mgongoni kwa mtindo wa kizamani, bila nepi. Akilowa, wanalowa wote wawili, wanabadilisha.

Nikamwangalia Kulwa, nikamwangalia Doto. Jibu la swali la Pendo lilikuwa limelala pale mkekani tangu zamani.

Nikaomba nimpakate Kulwa. Nikaivua ile chupi kwa mikono yangu mwenyewe, mara ya kwanza baada ya miaka kadhaa kumvua mtoto nepi. Mvuke ukanipiga usoni. Alikuwa amevalishwa sasa hivi tu, na tayari nepi imelowa na ndani kuna joto kama sufuria lililofunikwa. Mpira ulikuwa umechora mistari kwenye mapaja. Wekundu ulikuwa mpana, umechimbika, lakini nilipofungua mikunjo ya kinena, ndani ngozi ilikuwa nzima. Nikashukuru Mungu kimoyomoyo. Nikainusa nepi: mkojo, na chini ya mkojo, sabuni.

Sasa nikawa na njia mbili. Ningeweza kusema ni ujinga wa baba kununua vitu asivyovijua. Ningeweza kusema ni bibi anayemfungia mtoto kwenye nailoni. Wote wawili walikuwa mbele yangu, na maneno ya namna hiyo nilikuwa nayo tele mdomoni. Lakini Pendo alikuwa amesimama na beseni la nepi kiunoni, ananitazama.

"Mama huyu si mchafu," nikasema. "Mimi ndiye niliyekosea. Nilimwona mtoto bila nguo zake, sikuuliza anavaa nini, nikaandika. Hii chupi inafungia mkojo na joto, ngozi inaiva. Na nilipomtukana, akaongeza sabuni, sabuni nayo ikamchoma mtoto."

Masanja aliinamisha kichwa. Bibi Minza akasema, "Zawadi ya mwanangu ndiyo inamuumiza mjukuu wangu?"

"Hakujua. Hata mimi niliyesoma sikujua. Aliyejua ni wewe, bibi, maana Doto umemwacha apate hewa."

Hilo lilimlainisha. Niliona bega lake linashuka. Lakini niliona pia Pendo anageuka na beseni lake kwenda nyuma ya nyumba, na hapo nikajua nimempa sifa mtu mwingine siku ambayo ilikuwa ya Pendo. Mkitaka kusuluhisha, kumbukeni kwanza ni nani aliyeumizwa.

Bibi Minza akataka kadi. Akaiweka magotini kwangu. "Kadi inasema mchafu," akasema. "Maneno ya mdomo yataondoka na wewe." Alikuwa na haki. Nikachomoa kalamu, nikayapiga mstari maneno yangu, nikaandika chini yake: Mtoto alichubuka kwa kuvalishwa chupi ya nailoni. Mama ni msafi. Nesi alikosea. Nikatia sahihi. Bibi akamwambia Masanja asome kwa sauti. Masanja akasoma mara ya kwanza haraka. Akaambiwa asome tena, taratibu, Pendo aitwe asikie. Akasoma tena, neno moja moja, na alipofika kwenye neno msafi akamtazama mkewe.

"Tutaiona ngozi," Bibi Minza akasema. "Jumapili ikifika hajapona, maneno ni yale yale."

Zilikuwa zimebaki siku tano. Nikawaagiza, na hivi ndivyo nitakavyowaagiza hata ninyi leo, nepi za dukani au za kitambaa. Chupi ile iwekwe pembeni kabisa. Kulwa alale matako wazi kama nduguye, kwa muda mrefu kadiri inavyowezekana. Akijisaidia, aoshwe kwa maji safi ya vuguvugu, bila sabuni pale palipochubuka, kisha akaushwe kwa kugusagusa na kitambaa laini, si kusugua. Ngozi ikishakauka vizuri, apakwe mafuta mazito ya zinki, au mafuta mazito ya kawaida yasiyo na manukato, kama unavyopaka siagi kwenye mkate, ili mkojo ujao usikute ngozi tupu. Poda hapana, inagandamana kwenye mikunjo na vumbi lake linaingia kifuani. Nepi zote zichemshwe kwa sabuni kidogo ya kipande, zisuuzwe mpaka maji yawe maji, zianikwe juani. Akivalishwa nepi usiku, ifungwe kidole chako kipite, na ibadilishwe mara ikilowa. Na pakitokea usaha, au homa, au vipele kutawanyika, au siku tatu zikapita bila nafuu, aletwe haraka, wasisubiri siku ya kliniki.

Siku ya tatu nilipita kumwona. Siku ya nne nikapita tena, na Sista Yustina akasema sasa nimekuwa mtu wa kutembea. Jumamosi ngozi ilikuwa imefunga, rangi ya waridi tu imebaki, na Kulwa alinikojolea mkononi nikafurahi kweli kweli. Jumapili yule mzee wa Magu alikuja, akakaribishwa wali na sato, akawabeba mapacha wote wawili, akarudi kwake. Hakuna lililoamuliwa kwa sababu hakuna lililoletwa.

Tangu hapo niliifuta sheria yangu. Watoto wakafika mezani wamevaa, foleni ikarefuka, na nikaanza kunusa nepi. Mtakuja kukuta mashine nzuri kuliko mizani yetu, na nepi za kutupa zinazokunywa mkojo mpaka mama anasahau kuzibadilisha, na ngozi ya mtoto itakuwa ile ile. Kinachoichoma hakijabadilika, na muuguzi anayeandika kabla ya kutazama naye bado yupo, nimekutana naye juzi juzi tu nilipokwenda kupima presha.

Pendo alirudi kliniki mwezi uliofuata, Kulwa mbele na Doto mgongoni, wote wanono. Aliponiona akanisalimia shikamoo kwa heshima zote, nami nikaitika marahaba. Siku ile foleni yangu ilikuwa na watu wawili tu. Nikanyoosha mikono nimpokee Kulwa. Pendo akapita, akaenda kukaa mwisho wa foleni ya Sista Yustina, akangoja pale mpaka saa sita. Iliniuma, lakini sikumlaumu. Alifanya hivyo kila mwezi mpaka wanawe walipopata chanjo ya surua, na Kulwa sikumshika tena.